Pindo la Shati la Kaka Lowell

14 Oktoba, Jumapili

Mvua ya baridi tangu asubuhi. Nimeshuka chumba cha chini kumjazia kaka Lowell risasi, maana msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi. Ndiyo desturi yetu: yeye ananipasulia kuni, mimi namjazia risasi, na hakuna anayemshukuru mwenzake.

Tangu bega lake lipasuliwe siwezi kumtengenezea aina moja tu. Za mazoezi natia baruti kidogo na vile vichwa vilivyovishwa shaba nyembamba, nyembamba kama utando wa yai. Shaba hiyo haitaki nguvu. Ukikaza mdomo wa ganda kupita kiasi unaikata, na ukiipa baruti nyingi inachunika ndani ya mtutu. Ukienda nayo polepole lakini, inatoboa kopo vizuri na bega halilalamiki. Za kuwindia zina vichwa vya koti nene la shaba, linaloacha pua laini ya kijivu wazi, na baruti kamili. Zile hufunguka ndani ya mnyama na kumlaza palepale.

Zote ni bapa puani. Bunduki ya marehemu baba ni ya wenzo, ya kushusha mkono na kuurudisha kila unapofyatua, na risasi zake hupanga foleni ndani ya bomba chini ya mtutu, pua ya moja imeegemea fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa mwenzake. Anayetia ncha kali humo anatafuta msiba. Kwa hiyo ukizitazama haraka zinafanana, na macho ya Lowell yana miaka sabini na minne. Za kuwindia nazipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako cha ganda. Nyekundu nyama, tupu makopo. Mtoto angeelewa.

Nilikuwa nimebakiza kupaka tu pale Corinne, binti wa Lowell, aliponipigia kutoka Spokane.

"Shangazi, baba asikae peke yake kule mlimani majira mengine ya baridi. Ukimwambia wewe atasikia."

"Hasikii mtu yule."

"Wewe anakusikia."

Nikamwahidi nitazungumza naye msimu ukiisha. Tuliongea karibu saa nzima. Niliporudi kahawa ilikuwa imepoa. Nikapaka ishirini, nikafunika maboksi, nikapanda kupika.

16 Oktoba

Mvua. Misonobari ya bondeni, ile inayopukutika, imegeuka njano yote.

19 Oktoba, Ijumaa

Lowell amekuja kuchukua boksi lenye rangi. Nikamwambia achukue na la mazoezi.

"Liache. Za Septemba zimebaki, na bega nalitunzia kesho." Kisha akamgeukia Emmett Skaar, jirani yetu, aliyekuwa amejileta kunywa kahawa ya bure: "Huyu mdogo wangu kapima dawa za watu dukani miaka thelathini na moja. Hajampa mtu kidonge cha mwenzake hata mara moja. Mimi sizikagui risasi zake."

Emmett akasema yeye hukagua hata mayai ya kuku wake mwenyewe. Nilivimba kichwa, sitakataa.

20 Oktoba, Jumamosi

Naandika jioni, na mkono wangu hautaki.

Lowell alirudi saa saba na nusu mchana, mikono mitupu. Aliketi jikoni kwangu na fulana yake ya kuwindia ya rangi ya chungwa bado mwilini, matope magotini. Emmett alikuwa ameshafika, hakosi palipo na habari.

"Hatua sitini, Thora," akasema. "Dume la pembe pana, limenipa ubavu wote. Nikafyatua. Likaniangalia, likaenda zake kama mtu aliyesikia mlango wa jirani ukigongwa."

"Damu?"

"Hakuna. Wala unyoya. Nimetambaa saa nzima na ushee kwa magoti. Mvua ikaanza tena, nikasema basi, nimekosa."

"Wewe?" Emmett akasema. "Wewe hujakosa tangu mimi ni kijana mwenye nywele."

"Leo nimekosa. Na la ajabu, bunduki haikunipiga begani hata kidogo. Nilihisi kama nimekohoa tu."

Emmett akacheka. "Nani anahisi teke la bunduki akiwa na pembe mbele ya macho?"

Ni kweli, hakuna anayehisi. Lakini moyo wangu uliniambia shuka. Nikasema naenda kuchukua viazi, nikashuka, nikafungua lile boksi la mazoezi alilolikataa. Vitako vitupu, bila rangi. Nikageuza moja. Puani palikuwa na doa la kijivu la ncha laini. Nikageuza nyingine, na nyingine. Zote ishirini zilikuwa za kuwindia.

Kwa hiyo rangi yangu nyekundu niliipaka kwenye zile za makopo. Treya mbili kando kwa kando, akili yangu bado iko Spokane, nikavuta isiyotakiwa. Na Lowell hakukosa. Kichwa cha shaba nyembamba, kikienda polepole namna ile, kinapita ndani ya kulungu kama sindano, hakifunguki wala hakimshtui. Dume lile lilikuwa limetobolewa, na lilikuwa huko mlimani likienda kufa pole pole.

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro. Mwanga ungekuwepo hadi saa kumi na mbili. Kwetu hakuna sheria iliyo juu ya hii: uliyemjeruhi unamfuata, hata kwa magoti, hata ukikosa kula na mke wako jioni. Ningepanda ngazi na kusema maneno matano, wangetoka wote wawili na kumtafuta.

Nikiwa chini ya ngazi nikamsikia Lowell akisema, "Labda mikono hii imekwisha, Emmett. Labda Corinne yuko sahihi."

Na mimi nikafurahi. Niiandike kama ilivyokuwa, maana daftari hili halina wa kulidanganya. Nilifurahi kidogo, kwamba Mungu amenifanyia kazi niliyomwahidi Corinne. Juu ya furaha ile kulikuwa na hofu: Thora wa duka la dawa, aliyekosea. Nikarudisha mfuniko, nikachukua viazi, nikapanda.

Nilimwomba lile boksi jekundu, nikasema unyevu umeingia. Akanipa bila kuuliza. Nimezifuta zile za makopo na kuzipaka za kuwindia, kila moja mahali pake sasa. Nimeficha vizuri sana.

21 Oktoba, Jumapili

Theluji, kiganja na nusu. Kama palikuwa na nyayo, hazipo.

22 Oktoba

Theluji.

24 Oktoba, Jumatano

Nikianika taulo barazani nimeona kunguru wakizunguka juu ya kijito, upande ule wa mgongo wa mlima aliowindia Lowell. Kumi na mmoja. Nikaingia ndani na taulo mbichi mkononi.

27 Oktoba, Jumamosi

Chakula cha wawindaji, ukumbi wa wakulima. Maharage, mikate, nyama ya wengine.

Ukuta wa nyuma wa ukumbi umejaa mapindo ya mashati, kila moja na jina na tarehe. Anayemkosa mnyama hukatwa hadharani pindo la nyuma la shati, likatundikwa. Baba lake lipo, la mwaka aliooa. Emmett ana matano na anayajivunia kama medali. La Lowell halikuwepo kamwe, miaka hamsini na saba.

"Simama, Lowell," Emmett akasema, na ukumbi wote ukapiga meza. "Nimengoja siku hii tangu nina meno yangu."

"Meno yako yaliondoka kwa pipi, si kwa kungoja."

Watu wakacheka. Lowell akasimama, akachomoa shati. Alikuwa amevaa lile la kijani la sufu, zuri, alilonunuliwa na marehemu mkewe. Ina maana alijua na alikuja tayari. Emmett akainua mkasi, kisha akanigeukia mimi.

"Hili akate dadake. Mimi mkono utatetemeka kwa furaha."

Nilitaka sakafu inimeze. Nikashika mkasi. Kaka yangu akanipa mgongo, na shingo yake ilikuwa imekonda kuliko nilivyodhani. Nikakata. Sufu ile ilikuwa nzito, ikabidi nikate mara tatu. Akageuka akanikonyeza ili nisione haya kwa ajili yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimesikia msemo huo mara elfu, sikujua kwamba siku moja mdudu nitakuwa mimi.

30 Oktoba

Lowell hajatoka kuwinda. Kuni zangu zimepasuliwa zote.

3 Novemba, Jumamosi

Hajatoka. Nimempelekea mkate wa viazi. Nikamwambia, "Kaka, twende hata tukatembee kule mgongoni mwa mlima." Akasema goti linamuuma. Goti halimuumi, alipanda ngazi ya paa mbele yangu kusafisha dohani.

Kunguru hawapo tena. Wamemaliza.

9 Novemba, Ijumaa

Amekubali kuhama. Corinne atakuja na trela tarehe moja Desemba. Nyumba aliyoijenga kwa magogo aliyoyaangusha mwenyewe itapangishwa watu wa kiangazi.

Lowell amenipigia mwenyewe, sauti imetulia kama mtu anayesoma tangazo. "Wewe na Corinne mmepata mlichotaka," akasema. "Sina kinyongo, mdogo wangu. Mtu akikosa hatua sitini, kesho ataacha jiko linawaka."

Nikasema, "Hatua sitini ni mbali." Ndicho nilichopata cha kusema.

10 Novemba

Theluji. Sikula.

13 Novemba, Jumanne

Lowell ameleta bunduki ya baba. Ameipaka mafuta, ameifunga kwenye blanketi.

"Ikae kwako. Spokane nitampiga nani, panya wa mitaro?"

Nikamwambia ikae kwake mpaka atakapoondoka. Akaiweka nyuma ya mlango wangu na kuondoka. Nimepita mlango huo leo mara ishirini. Kila mara nasema nitampigia simu, nikishaosha vyombo, nikishatoa majivu. Vyombo sijawahi kuwa na visafi namna hii.

18 Novemba, Jumapili

Nimekwenda kumsaidia kufunga vitu. Alipoinua kikombe kahawa ikamwagika, mkono ukimtetemeka. Sikuwahi kuuona ukitetemeka. Mwezi mmoja uliopita aliweza kunitoa mwiba wa kidoleni bila miwani. Ameambiwa amezeeka, na mwili umesikia ukatii. Aliyemwambia ni mimi, bila kufungua mdomo.

22 Novemba, Alhamisi

Sikukuu ya kushukuru. Bata mzinga alikauka, lawama ni yangu. Corinne amekuja peke yake kupima vyumba na masanduku ya kuhamia.

Tukiosha sufuria kabla ya kula akanikumbatia kwa nyuma, mikono yake ina povu. "Shangazi, sijui ulimwambia nini. Nilimbembeleza miaka mitatu. Asante."

Mezani, kila mtu alitakiwa kusema anachoshukuru. Lowell akasema, "Namshukuru dada yangu, ambaye hajawahi kunidanganya hata nilipotaka."

Nikainuka kukusanya sahani.

23 Novemba, Ijumaa

Corinne aliondoka asubuhi. Saa nne nilikuwa mlangoni kwa Lowell na risasi mbili mfukoni na koleo. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha siku thelathini na nne.

Alikuwa akifunga sahani kwenye magazeti. Nikaziweka zile risasi mezani, nikazigeuza pua juu.

"Hii ya mazoezi. Hii ya kuwindia. Nilipozijaza kwa ajili ya ufunguzi nilipaka rangi hii ya mazoezi."

Akavaa miwani. Akachukua ile ya shaba nyembamba, akaishika kwa koleo, akakivuta kichwa taratibu. Akamimina baruti kwenye kiganja. Kidogo tu, ya kujaza kijiko cha chumvi. Akakiviringisha kile kichwa kati ya vidole.

"Kwa hiyo bunduki haikunipiga," akasema.

"Haikukupiga."

"Na sikukosa."

"Hukukosa, kaka. Mikono yako ni mizima. Ni mimi."

Nilidhani atafurahi, au atanifokea. Nilijiandaa kwa yote mawili. Akaweka kichwa mezani.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro. Ulikuwa jikoni kwangu."

"Mwanga ulikuwepo mpaka saa kumi na mbili."

"Ndiyo."

Akavua miwani. "Thora, kukosa si kitu. Ningekosa kila mwaka mpaka kufa na ningelala vizuri. Lakini mimi nilikula viazi vyako. Yule mnyama alikuwa amelala huko na tundu langu mwilini, na mimi nilikuwa nakula viazi vyako."

Nilikuja kumtua mzigo, na nikamtwika wangu. Kwa majuma haya yote niliogopa kumwambia kwamba nimekosea. Sikufikiri hata siku moja kwamba nilimnyima nafasi ya kumfuata mnyama wake, na kwamba kwake hilo ndilo kubwa kuliko nyumba.

"Mbona hukusema?" akauliza.

"Nilitaka uhame. Na sikutaka watu wajue nakosea."

"Angalau hilo la pili nalielewa," akasema, akaendelea kufunga sahani. Nikaondoka.

24 Novemba

Baridi kali, anga safi.

25 Novemba, Jumapili

Siku ya mwisho ya msimu.

Saa moja asubuhi Lowell alisimama mlangoni kwangu na fulana mbili za rangi ya chungwa, akanitupia moja, akachukua bunduki nyuma ya mlango. "Utanionyesha walipozunguka kunguru."

Tulipanda. Theluji ilifika magotini, nami nina miaka sitini na tisa, lakini sikuthubutu kuomba kupumzika. Alinionyesha kisiki alichoegemea, na mahali dume liliposimama. Kutoka hapo mpaka kijitoni ni hatua mia tatu, si zaidi. Mia tatu tu. Wangelifikia kabla kahawa haijapoa.

Lilikuwa chini ya vichaka, nusu limefunikwa. Mbweha na kunguru walikuwa wamebakiza mifupa, ngozi kidogo na kichwa. Lowell akapiga magoti, akavua glavu, akafuta theluji kwenye mbavu moja moja kama mtu anayesoma. Kwenye ubavu mmoja palikuwa na tundu la duara, safi.

"Vidole vinne chini ya nilipolenga," akasema. "Baruti kidogo, imeshuka njiani. Lakini palepale."

"Palepale," nikasema.

Akatoa kibali chake cha kulungu mfukoni, kile cha mwaka mzima, kimoja kwa mnyama mmoja tu. Akachora tarehe kwa kisu. Akakifunga kwenye pembe kwa uzi.

"Kaka, hana nyama hata ya paka. Na siku bado haijaisha, unaweza kupata mwingine."

"Nimemuua huyu," akasema. "Huyu ndiye wangu."

Akabeba kichwa. Mimi akanipa bunduki niibebe, nikaibeba mpaka chini.

27 Novemba, Jumanne

Ukumbi ulikuwa na watu kumi na tano wakicheza karata. Nimewaambia. Sikupamba. Nikampa Emmett mgongo wangu na mkasi wake.

Akakata bila mzaha, pindo la blauzi yangu ya kazi, lenye doa la mafuta. Alipolitundika akanyoosha mkono kuliondoa la Lowell.

"Hili sasa si halali. Hakukosa."

"Liache," Lowell akasema kutoka mlangoni. Sikujua kwamba amekuja. "Nilimpiga nikarudi nyumbani. Andika hivyo hapo chini."

Emmett akaandika. Yamekaa pamoja, la kijani na langu.

1 Desemba, Jumamosi

Trela halikuja. Lowell amemwambia Corinne haami, na amemwambia sababu. Corinne akanipigia.

"Shangazi, sijui nikuite nani sasa."

Nikamwambia aniite anavyotaka. Akakata simu. Ana haki, na siwezi kumshika mkono mtu niliyemfanya ashukuru uongo.

8 Desemba, Jumamosi

Theluji nyembamba, jua kidogo.

Saa tisa nilikuwa chini nasafisha maganda. Nikasikia buti kwenye ngazi. Lowell akashuka na kiti cha jikoni, akakiweka upande wa pili wa meza, akaketi.

"Jaza," akasema.

"Msimu umeisha."

"Upo mwingine mwakani. Jaza."

Nikapima baruti, kila moja kwenye mizani, nikamgeuzia mizani aone. Nikaweka vichwa vya koti nene, nikakaza midomo ya maganda. Nilipomaliza treya nikanyoosha mkono kuchukua kichupa cha rangi kwenye rafu. Hakikuwepo.

Kilikuwa kwake. Kipya, chekundu, kimenunuliwa. Akakitoa mfukoni mwa shati, lile la kijani lisilo na pindo nyuma.

"Kujaza utajaza wewe," akasema. "Kupaka nitapaka mwenyewe."

Iliniuma, na ilikuwa haki. Nikamsogezea treya. Akageuza kila risasi kwanza, akaitazama pua, akaipapasa kwa ukucha, ndipo akaipaka. Ishirini zote. Nilimtazama mkono mpaka mwisho, na haukutetemeka.